Tupike kwa kilichopo kapuni: uzi wa mboga za siku hiyo na mapishi mepesi ya nyumbani

Mwanzisha uzi (Kampala)

Ndugu zangu, habari za jioni. Ninafungua uzi huu kwa sababu ya swali ambalo binti wa kaka yangu aliniuliza juzi, akiwa amesimama mlangoni mwa jiko langu hapa Kyebando. Aliniuliza, "Shangazi, leo tunapika nini?" Nami nikamjibu, "Sijui bado, sijafika sokoni." Alishangaa, kwa kuwa kwao chakula cha jioni huamuliwa asubuhi, na anayekwenda sokoni hupewa orodha. Mimi kwa miaka mingi nimefanya kinyume chake: naangalia kwanza ni mboga gani iliyoingia sokoni ikiwa bado hai, kisha ndipo naamua ni kitu gani nitakiinjika. Ninaamini kwa dhati kwamba nyumba inayopika kwa njia hii hula vizuri zaidi na hutumia fedha kidogo, na ningependa tusaidiane hapa kuelezana namna ya kufanya hivyo.

Nadhani ugumu wetu unaanzia kwenye lugha. Kwa Waganda, *emmere* ni matoke, viazi vitamu, mihogo au posho, yaani ugali. Vingine vyote, viwe nyama, maharage au majani, huitwa *enva*, yaani kile kinachosindikiza. Kiswahili nacho hakiko mbali, maana tunauliza "leo mboga ni nini?" na tunajibiwa "nyama" bila mtu yeyote kuona ajabu. Kwa hiyo sahani hujazwa matoke mpaka ukingoni, halafu majani hupewa nafasi ya kijiko kimoja pembeni. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na kijiko kile hakikaribii kiasi hicho hata kidogo. Sisemi tuache matoke, kwa sababu mimi mwenyewe siku isiyo na matoke huiona ndefu. Ninachosema ni kwamba majani yapewe nusu ya sahani, na yapikwe kwa uangalifu uleule tunaowapa kuku wa sikukuu.

Niwaeleze nilivyofanya juzi. Nilifika soko la Kalerwe yapata saa kumi na moja jioni, na kwa mama ninayezoea kununua kwake nilikuta nakati, mboga ya majani yenye uchungu kidogo, dodo, yaani mchicha, na entula, ambazo wengine huziita nyanya chungu au ngogwe. Nakati huichagua kwa kuvunja bua moja: likikatika kwa mlio, imechumwa asubuhi hiyo, likijikunja bila kukatika, imelala sokoni tangu jana. Matundu ya wadudu kwenye majani hayanitishi, bali jani lisilo na tundu hata moja hunifanya niulize lilipuliziwa dawa lini. Nilinunua mafungu mawili ya nakati kwa shilingi 1,000 kila moja, na mama yule akaniongezea kiganja cha bbugga, ile jamii ya mchicha yenye majani mekundu, kama nyongeza. Nyongeza hiyo ndiyo iliyoamua mlo wa siku ile, kwa sababu bbugga haipendi kusubiri hadi kesho.

Nyumbani matoke yalikuwa tayari yako kwenye sigiri yamefungwa kwa majani ya mgomba. Yalipoiva niliyakanda ndani ya majani yake, kisha nikayarudisha juu ya moto mdogo, kama ilivyo desturi, ili yalainike taratibu. Hapo ndipo nilipoiweka mboga. Nilichukua kipande cha jani changa la mgomba, nikakipitisha juu ya makaa mpaka kikageuka rangi na kulegea bila kupasuka, nikakijaza nakati na bbugga zilizooshwa na kukatwakatwa, kitunguu, nyanya moja na chumvi kidogo, nikafunga kifurushi kwa uzi wa gome la mgomba, na kukilaza juu ya matoke. Wapishi wengi hukiweka kifurushi tangu mwanzo, na mboga hutoka imekuwa kahawia. Mimi hukiweka dakika ishirini za mwisho tu. Unapokifungua, mvuke hutoka na harufu ya jani la mgomba, mboga bado ni ya kijani, ile bbugga imeachia maji mekundu yaliyopaka rangi kitunguu, na uchungu wa nakati umebaki kiasi cha kukufanya utake tonge jingine.

Pembeni kulikuwa na mchuzi wa karanga. Unga wa karanga nyekundu niliukoroga kwa maji ya baridi kwanza, kwani ukiutia kwenye maji moto hufanya madonge, nikauweka motoni huku nikikoroga bila kuacha mpaka ulipochemka, kisha nikapunguza moto na kuuacha kwa nusu saa hivi mpaka mafuta yake yenyewe yakaelea juu. Entula nilizikata vipande vinne vinne na kuzitia dakika kumi kabla ya kuepua. Mlo mzima haukuwa na tone la mafuta ya kupikia ya dukani.

Kwa hiyo kanuni ninayoifuata ni ndogo. Ninatafuta jani moja au mawili, kitu chenye mafuta ya asili kama karanga, ufuta au parachichi, na kitu chenye uchachu kama nyanya, ndimu au embe bichi. Kisha moto uwe mfupi. Mafuta yana sababu yake, kwani kile kiini cha vitamini A kilichomo kwenye majani ya kijani hufyonzwa vizuri mwilini kikiwa pamoja na mafuta. Uchachu nao si wa ladha tu: vitamini C iliyomo kwenye nyanya au ndimu husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye majani na maharage. Na kwa kuwa vitamini C hiyohiyo huharibiwa na moto mrefu na kuyeyukia kwenye maji tunayomwaga, ninaosha kabla ya kukata, sikati kisha nikaosha, na ndimu huikamua baada ya kuepua.

Ninaomba kila mmoja aeleze anachofanya kwake, hasa wa kaskazini na mashariki, kwa sababu mboga zenu hufika Kampala bila maelezo yake.

Mchangiaji wa 1 (mwanafunzi, Wandegeya)

Shikamoo shangazi, maana binti wa kaka yako ni wa rika langu bila shaka. Nimeusoma uzi huu kwa hamu na kwa huzuni kidogo. Mimi ninaishi kwenye chumba kimoja cha hosteli, nina jiko moja dogo la umeme, sufuria moja na kikaango kimoja, na sina friji. Sina jani la mgomba wala nusu saa ya kusubiri karanga. Wiki nzima chakula changu ni rolex asubuhi na kikomando usiku, yaani chapati na mayai, kisha chapati na maharage. Kijani ninachokiona ni vipande viwili vya kabichi ndani ya mayai. Je, kanuni yako inaweza kuingia kwenye chumba kama changu?

Mwanzisha uzi (Kampala)

Marahaba mwanangu. Inaingia, tena bila kuacha chapati. Nunua chapati mbili kwa yuleyule muuzaji wako, lakini mayai upike mwenyewe. Chukua kiganja kikubwa cha dodo, kikubwa kuliko unavyodhani kinahitajika, ukate nyembamba sana, unyunyize chumvi na uyafinye kwa mkono juu ya beseni mpaka yatoe maji. Usiporuka hatua hiyo mayai yatashikana. Ukiiruka, yatakuwa maji maji na chapati italowa. Kuna karoti ya kukwaruza, nyanya isiyo na mbegu na kitunguu. Changanya yote na mayai mawili, mimina kwenye kikaango chenye moto, na chapati iwekwe juu kabla mayai hayajakauka ili vishikane, kisha geuza na kunja. Mayai yanapaswa kuonekana kama gundi inayoshikilia mboga. Kama yanaonekana kuliko mboga, ongeza dodo.

Kwa kikomando ni rahisi zaidi. Maharage ya muuzaji yakiwa bado ya moto, yatie kwenye sufuria pamoja na dodo iliyokatwakatwa, funika dakika nne, kamulia ndimu. Umelipa maharage yale yale na umepata mlo mwingine kabisa.

Kuhusu friji, usiitafute. Nakati na dodo zenye mizizi zisimamishe kwenye kikombe chenye maji kama maua, na majani uyafunike kwa kitambaa kibichi. Zitafika kesho zikiwa zimesimama.

Mchangiaji wa 2 (Gulu)

Ninashukuru kwa mwaliko. Huku Acholi sisi hatuna haja ya kutafuta ndimu, kwa sababu mboga yenyewe ina uchachu ndani yake. Ninazungumzia malakwang. Mtu asiyeizoea huipika kama dodo, akashtuka kwa ukali wake, akaitupa na kusema kwamba ni mboga mbaya. Majani huchambuliwa kutoka kwenye mabua, huchemshwa, na maji ya kwanza humwagwa ili ukali upungue. Ninajua kwamba mwanzisha uzi hapendi kumwaga maji, lakini hapa lazima. Ukikubali ladha ya uchachu mwingi, mwaga nusu tu.

Kisha huja odii, ambayo ni rojo zito la karanga na ufuta uliokaangwa na kusagwa pamoja. Hapa ndipo wengi hukosea. Odii haitupwi yote kwenye sufuria inayochemka. Unaiweka kwenye bakuli, unaongeza maji ya uvuguvugu kidogo kidogo huku ukikoroga mpaka iwe laini kama uji mzito, kisha unaimimina juu ya majani, unakoroga mara chache kwa mwiko, na kuondoa sufuria motoni mapema. Odii imekwisha kukaangwa, haihitaji kuiva tena; ukiichemsha muda mrefu hujitenga, mafuta juu na machicha chini, na utamu wake wote unaondoka. Boo, yaani majani ya kunde, tunayapika karibu hivyohivyo, ila hayana uchachu, kwa hiyo nyanya huruhusiwa.

Malakwang huliwa na viazi vitamu, na ninawasihi mtafute vile vya rangi ya chungwa. Viazi hivyo vina kiini kingi cha vitamini A ambacho vile vyeupe karibu havina, na Uganda ina haki ya kujivunia: mtafiti wetu Robert Mwanga alikuwa mmoja wa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, na kazi yake ilikuwa ya viazi hivihivi. Watoto wangu wanne huvipenda kuliko vyeupe kwa sababu ni laini. Baba yangu havipendi kwa sababu hiyohiyo, kwani yeye hutaka kiazi kikavu kinachokatika mkononi. Kwa mzee ninachanganya nusu kwa nusu.

Mchangiaji wa 3 (Busia)

Dada mwanzisha uzi, ninakuheshimu, lakini hilo la moto mfupi siwezi kulikubali kwa mboga zote. Sisi wa mpakani tunakula mgagani, ambao Waganda huuita jjobyo, na mgagani wa dakika tano ni adhabu. Mama mkwe wangu aliyenifundisha kuupika huuchemsha mpaka uchungu utulie, akamwaga maji, akaongeza maziwa mabichi, akauacha juu ya moto mdogo, na siku ya pili akaongeza maziwa mengine. Mboga hiyo huwa tamu zaidi siku ya tatu kuliko siku ya kwanza. Je, unataka kusema kwamba amekuwa akitulisha makapi?

Nyumbani kwake mrenda pia hupikwa na maji ya majivu yaliyochujwa ili ulainike, na majani yawe ya kijani kibichi. Wengine sasa hutumia magadi ya dukani. Ningependa maoni yenu.

Mwanzisha uzi (Kampala)

Dada yangu, nimesoma maneno yako mara mbili, na nadhani unayo haki kuhusu mgagani. Mboga ambayo mtu haiwezi kuila kwa sababu ya uchungu haimsaidii, hata iwe na vitamini zote. Madini ya chuma na kalisi hayaharibiwi na moto, ingawa sehemu yake huondoka na maji yanayomwagwa, na maziwa ya mama mkwe wako yanaongeza protini na mafuta. Kwa hiyo simwiti mpishi wa makapi hata kidogo; nampa heshima zake. Ningeomba tu ujaribu mara moja kuchanganya mgagani na mnavu au majani ya kunde, theluthi moja kwa theluthi mbili, kwa sababu uchungu unapogawanywa hivyo, muda wa kuchemsha hupungua wenyewe.

Kuhusu magadi, hapo nitasimama imara. Magadi na maji ya majivu hulainisha mboga na kung'arisha rangi yake, na rangi hiyo hutudanganya, kwa sababu ndani yake vitamini C na baadhi ya vitamini B zimeharibiwa. Mrenda una utelezi wake wa asili. Ukikatwa nyembamba na kupikwa na majani ya kunde machanga, hulainika bila msaada. Kama desturi ya nyumbani haiwezi kuachwa, basi kijiko kidogo kwa sufuria nzima kinatosha, na bakuli la kachumbari yenye ndimu liwekwe mezani kufidia.

Mchangiaji wa 4 (Nsambya, Kampala)

Nami niongeze upande wa dada wa Busia. Sisi tuliotoka Kongo tuna sombe, na kwa sombe moto mfupi ni hatari kabisa. Majani ya muhogo yana sumu ya asili. Lazima yatwangwe mpaka yasagike, kisha yachemshwe kwa muda mrefu, na sufuria iachwe wazi katika mchemsho wa kwanza ili mvuke uondoke. Nimeona kijana mmoja hapa mtaani akiyakatakata kama sukuma wiki na kuyakaanga kwa dakika chache; nilimwendea na kumwondolea kikaango mkononi, nami sikumwomba radhi. Ninaandika haya kwa sababu uzi huu utasomwa na watu wasiojua, na mtu anayepika kwa kubuni ajue kwamba jani hili halina nafasi ya kubuni.

Kinachofaa kwa moto mfupi ni matembele, majani ya viazi vitamu. Wenyeji wengi hapa huyaachia mifugo. Ncha changa zenye majani manne au matano, kitunguu, nyanya, na dagaa wachache wa mukene waliokaangwa: dakika saba, basi.

Mwanzisha uzi (Kampala)

Asante sana kwa onyo hilo. Ninaliunga mkono neno kwa neno, na ninaomba yeyote atakayenakili kanuni yangu anakili na sombe iliyoikataa.

Mchangiaji wa 5 (Ntinda)

Nina hofu ambayo hakuna aliyeitaja. Mnashauri kula mboga nyingi, na wengine mnashauri kachumbari mbichi, lakini mboga za Kampala nyingine hulimwa mabondeni. Bonde la Nakivubo hupokea maji machafu ya jiji kabla hayajaingia ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria, na watu hulima magimbi na mazao mengine humo. Mwaka jana niliugua tumbo kwa wiki nzima baada ya kula saladi kwenye sherehe moja, na tangu hapo kila jani bichi hunitia wasiwasi. Mnajilindaje?

Mwanzisha uzi (Kampala)

Pole sana kwa kuugua. Hofu yako ni ya haki, nami sina jibu jepesi. Kupika huua vijidudu, kwa hiyo majani niyanunuayo sokoni huyapika siku zote, hata kwa dakika chache, lakini maji yawe yanachemka kwelikweli. Metali zilizomo kwenye udongo uliochafuliwa haziondolewi na moto wala kwa kuosha. Dhidi ya hizo, kinga ni kujua shamba. Nimezoea kumuuliza mama anayeniuzia mboga yake imetoka upande gani, na kwa kuwa mimi ni mteja wa kila siku hujibu bila kuficha. Kwa kachumbari ninatumia vitu vinavyomenyeka au vyenye ngozi ngumu: karoti, tango, kitunguu, embe bichi, parachichi, na nyanya iliyooshwa vizuri. Kabichi huiondolea majani matatu ya nje, na kisu na kibao cha nyama havigusi mboga mbichi.

Mchangiaji wa 6 (Bombo)

Wanangu, mimi ni mzee niliyestaafu, na jibu langu kwa hofu ya ndugu wa Ntinda ni magunia sita yaliyo uani kwangu. Gunia hujazwa udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, katikati hupitishwa nguzo ya mawe madogo ili maji yafike chini, na pembeni hutobolewa matundu ya kupandia. Nguzo hiyo huitengeneza kwa kopo lisilo na kitako: naliweka katikati, nalijaza mawe, nazungushia udongo, kisha nalivuta juu na kuendelea mpaka gunia lijae. Juu ya gunia ninapanda nyanya mbili na pilipili, na kwenye matundu ya pembeni dodo na sukuma wiki. Dodo huanza kuvunwa baada ya wiki nne hivi. Siing'oi, hukata ncha kwa vidole viwili, nayo huchipua upande, na gunia moja hunipa mboga miezi kadhaa. Mamlaka ya jiji la Kampala ina kituo cha kilimo pale Kyanja ambapo wakazi huonyeshwa kilimo cha namna hii, na mwenye nafasi aende akaone kwa macho yake kabla ya kununua udongo.

Wakati wa kiangazi, Januari na Februari, mafungu sokoni hupungua na bei hupanda, lakini maji yaliyooshewa mchele nyumbani kwangu hayamwagwi. Yanakwenda kwenye ile nguzo ya mawe. Mke wangu hunitania kwamba ninayasalimia magunia kabla ya kumsalimia yeye asubuhi.

Mchangiaji wa 7 (Mbale)

Shikamoo mzee wa Bombo. Huku chini ya Mlima Elgon hatuna shida ya udongo. Kabichi, karoti na vitunguu hushuka kutoka Kapchorwa na Sironko vikiwa na baridi ya mlimani. Mlo wangu wa haraka ni huu: kabichi nyembamba kama uzi, karoti, embe bichi lililokwaruzwa, na karanga zilizokaangwa na kupondwa nusunusu, kisha ndimu na chumvi. Unafinya kwa mkono mara chache, unaacha dakika kumi. Tunaula na maharage na posho, na posho huwa kidogo bila mtu kulazimishwa.

Lakini nitakuwa nimeisaliti nchi yangu nisipotaja malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayotoka mlimani. Sokoni huyakuta yamekaushwa kwa moshi, yakiwa kahawia na magumu kama kuni nyembamba. Yakilowekwa na kuchemshwa hulainika, kisha hukatwa vipande na kupikwa katika mchuzi wa karanga. Harufu ya moshi hubaki, na mgeni anayekula kwa mara ya kwanza huuliza ni nyama gani.

Mchangiaji wa 1 (mwanafunzi, Wandegeya)

Nimerudi na taarifa. Nilifinya dodo kama ulivyosema, shangazi, na kiasi cha maji yaliyotoka kilinishangaza: karibu robo kikombe, ya kijani. Rolex ilisimama. Jirani yangu wa chumba cha pili aliomba nusu, na sasa tunanunua mafungu pamoja, kila mmoja siku yake. Tatizo moja: tarehe ishirini na kitu, fedha zinapokaribia kwisha, mayai hayapatikani. Nifanye nini?

Mchangiaji wa 2 (Gulu)

Mdogo wangu, nunua odii kopo dogo mwanzoni mwa mwezi fedha zikiwapo. Haihitaji friji ikiwa kijiko kikavu tu ndicho kinachoingia ndani. Kijiko kimoja kilichokorogwa kwa maji ya uvuguvugu na kumiminwa juu ya dodo iliyochemshwa kinakupa mlo kamili na chapati au viazi. Mimi nilisoma chuo kizima kwa kopo hilo.

Mwanzisha uzi (Kampala)

Nami ninaleta taarifa ya Jumamosi. Nilipata malakwang kwa mama mmoja wa kaskazini anayeuza katika soko la Nakawa, na odii kwa huyohuyo. Nilifuata maelezo ya ndugu wa Gulu isipokuwa nilimwaga nusu ya maji tu kwa ubahili wangu wa vitamini, na uchachu ulituchoma masikio. Jumapili nilirudia, nikamwaga yote, na nikalegeza odii kwenye bakuli kwa subira mpaka mkono ukachoka. Safari hii mchuzi ulitoka mzito, wenye rangi ya udongo wa kijani, na ule uchachu ulikuja mwishoni, baada ya ufuta. Tuliula na viazi vya rangi ya chungwa, na sufuria haikuhitaji kuoshwa sana.

Jana jioni binti wa kaka yangu alitangulia sokoni kabla yangu, na aliporudi alikuwa amekumbatia fungu la essunsa, majani ya maboga, ambalo hakuna aliyemtuma. Aliliweka mezani na kuniuliza, "Shangazi, hili linapikwaje?" Nikampa kiti, nikamwonyesha kuvunja ncha ya kila bua na kuvuta ule uzi wake mgumu kuelekea kwenye jani mpaka utoke mzima, kisha kuyasugua majani kwa viganja ili vinyweleo vilale. Alifanya bua moja baada ya jingine kwa karibu nusu saa, vidole vikawa vya kijani. Tuliyapika na nyanya mbili na kijiko cha odii iliyobaki.

Ameniambia kesho anataka kununua malewa. Ndugu wa Mbale, hukutuambia yalowekwe kwa muda gani, usiku mzima au saa chache, na kama maji ya kulowekea yanatumika au yanamwagwa. Tunakusubiri kabla ya saa kumi na moja.